Ladislas, Pampu na Ukuta wa Kinanira

Vijana, mmeniomba niwaandikie jinsi ya kukadiria presha ya kusukuma uji wa saruji kwenye mipira na mabomba. Mmeniomba kwa adabu, nami nimekubali. Ila mmoja wenu, yule mwenye simu mbili, alinivuta pembeni akaniambia, "Mzee, we tupe fomula tu, mengine tutajaza wenyewe." Mengine mtajaza wenyewe. Nimeifanya kazi hii tangu nywele zangu zikiwa nyeusi mpaka zikaondoka bila kuaga, na kila mtu niliyemwona akiharibu alikuwa na fomula mfukoni. Kilichomshinda ni hayo mengine.

Basi tuanze na jambo jepesi. Manometa ni ile saa yenye mshale mmoja, inafungwa pale uji unapotokea kwenye pampu. Inakwambia presha ya pale ilipofungwa, basi. Haijui kinachotokea mwisho wa mpira, kwenye tundu la ukuta unaojazwa uji. Ukiitegemea peke yake ni sawa na kumuuliza mtu aliyekaa Kigobe, kaskazini mwa mji, kama mvua inanyesha Kinanira, kusini. Atakujibu, maana watu wa Kigobe wana jibu la kila kitu, lakini yeye ametazama dirisha lake tu.

Njiani presha inaliwa. Mpira unakula, kwa sababu uji unajikwaruza ndani yake wakati unapita. Mpira mrefu unakula zaidi ya mfupi, mwembamba unakula kupita wote, na uji ukiwa mzito ulaji unaongezeka. Kilima nacho kinakula. Uji wetu una uzito karibu mara mbili ya maji, kwa hiyo kila mita kumi za kupanda zinakunyang'anya karibu bar mbili, bar ndicho kipimo chetu cha presha. Na kila mita kumi za kushuka zinakurudishia bar mbili hizo hizo, utake usitake. Kwenye kupanda watu hukumbuka kupiga hesabu, kwa kuwa pampu inalia na kila mtu anasikia. Kwenye kushuka pampu haina neno, na watu wazima hujiaibisha.

Kujua mpira wako unakula kiasi gani hakuhitaji simu. Ulaze kwenye uwanja tambarare, mdomo wake uwe wazi juu ya pipa, halafu sukuma uji kwa mwendo ule ule utakaotumia kazini. Soma manometa. Mdomo uko wazi, hakuna kinachozuia, kwa hiyo kile mshale unachoonyesha ni chakula cha mpira peke yake. Kishike kichwani. Lakini kumbuka kwamba uji ukisimama, tundu likiwa limeshiba, mpira hauli tena, na presha yote inakwenda mbele. Hapo ndipo mkono wako unatakiwa uwe tayari kwenye robineti, ile koki ya kumwagia uji nje, badala ya kuwa ndani ya mfuko wa karanga.

Haya, au tuseme nusu yake, nilifundishwa na Mzee Ladislas. Alikuwa fundi mkuu wa pampu kwenye kampuni ndogo niliyoanzia kazi hapa Bujumbura, mtu mnene, mwenye kofia ya sufu aliyoivaa hata jua likichemsha ziwa. Mambo ya mikono aliyajua vizuri, sitamnyima haki yake. Ndiye aliyenifundisha kulowesha mpira kwa maji kwanza, kisha uji mwepesi, ndipo uje uji wenyewe, kwa sababu mpira mkavu unanyonya maji na kuwaachia ninyi jiwe katikati. Ndiye aliyenifundisha kukanyaga mpira ili kusikia kama unapumua. "Mi sitazami na macho tu," alikuwa akisema. "Mi nasikiliza na kisigino." Na kweli alikisikiliza kisigino chake, akapata mahali mpira ulipoziba kabla sisi hatujajua kama umeziba.

Tatizo la Ladislas ni kwamba katika maisha yake yote hakuwahi kukosea. Mpira ukipasuka, kosa lilikuwa la mpira. Uji ukiganda, kosa lilikuwa la sima, yaani saruji yenyewe, au la maji, au la mimi niliyekuwa nimesimama karibu. Siku moja mpira wetu mnene uliibwa, akaunga mwembamba wa kumwagilia bustani, akasema kazi ni ile ile, uji ni ule ule. Mshale ukapanda hadi mwisho wa saa, kiungo kikafyatuka, na Peugeot nyeupe ya Patron, mwenye kampuni, ikapakwa rangi ya kijivu kuanzia taa hadi nyuma. Ladislas alilizunguka gari lile polepole, mikono mgongoni, halafu akamwambia Patron, "Mi nilishangaa tangu asubui kwa nini umepaki apa." Na Patron akaomba radhi. Nilikuwepo.

Sasa nije kwenye uzi. Ladislas alikuwa na desturi ya kufunga uzi mwekundu juu ya kioo cha manometa, kwenye namba aliyoiona ni nzuri kwa kazi ile. Baada ya hapo hakufikiri tena. Aliongeza moto wa injini mpaka mshale ufike kwenye uzi, mshale ukipita anapunguza, ukirudi anaongeza, huku anapiga hadithi. Kwa mtu mvivu wa kuhesabu ni ufundi mzuri sana. Mafundi wengine wa mji waliuiga, na wapo walionunua uzi mwekundu kule Asiatique, mtaa wa maduka, wakiamini kwamba rangi ndiyo inayofanya kazi.

Hiyo ilikuwa miaka ya vita. Ninyi mliozaliwa baadaye mnadhani vitani watu husimamisha kazi wakakaa wakisubiri amani. Kuta hazikusubiri. Mvua ilinyesha, milima ikateleza, na nyumba za watu zilitaka kuanguka kwa sababu zake zenyewe, kana kwamba hazijasikia habari. Sisi tulifanya kazi kati ya kizuizi kimoja cha askari na kingine, siku ambazo mji haujafungwa. Vifaa havikuja kwa sababu ya vikwazo. Manometa ilibaki moja. Hiyo moja ilipaswa kukaa mwisho wa mpira, kwenye tundu, lakini Ladislas aliitaka mbele ya macho yake, penye kiti chake.

Kazi yenyewe ilikuwa Kinanira, kwa Mzee Salim, mwenye duka la vitambaa kule Asiatique, wa familia ya zamani ya Waarabu pale mjini. Ua wa nyumba yake ulishikiliwa na ukuta mkubwa wa mawe, na nyuma ya ukuta udongo ulikuwa umefanya mapango kwa maji ya mvua. Tulitakiwa kujaza mapango yale kwa uji wa saruji, taratibu, kupitia matundu tuliyotoboa kwenye mawe. Chini ya ukuta, kwenye kibanda cha mabati kilichoegemezwa mawe yale yale, aliishi mama mmoja aitwaye Consolata, watoto wake watatu, na kaka yake Evariste aliyeuza makaa. Walikuwa wamekimbia kutoka milimani, na Mzee Salim aliwaachia mahali pale bila kuwadai kitu. Kwa hiyo tulikuwa na ukuta mgonjwa, na watu watano waliolala miguuni mwake. Yeyote aliyeshika pampu ile alikuwa ameshika watu hao.

Injeniya wetu alikuwa kijana anaitwa Nestor, na hapa nisiwape hadithi mnayoipenda ya msomi mjinga na fundi mwenye akili. Nestor alijua kazi. Pampu tuliiweka barabara ya chini, kwa sababu gari lilifika huko kwa urahisi, na ukuta ulikuwa mita ishirini juu yetu. Nestor akapiga hesabu mbele yetu sote. Manometa isome nane. Kupanda kunakula karibu nne. Mpira ule mrefu unakula tatu. Kwenye tundu inabaki bar moja, na nyuma ya ukuta mzee wa mawe bar moja inatosha kabisa. Ladislas akafunga uzi wake kwenye nane.

"Ladislas," Nestor akamwambia, "uzi uu ni wa pampu ikiwa apa. Mukisongesha pampu, we toa uzi, tupige hesabu tena."

"Ego, injeniya," Ladislas akasema, kwa sauti ya mtu anayemkubalia mtoto kwamba mwezi ni wa jibini.

Tulifanya kazi vizuri siku kadhaa. Kisha asubuhi moja askari waliweka kizuizi kwenye barabara ile ile ya chini, na sajenti wao akatuambia, "Mashini mutoe apa. Barabara sasa ni ya jeshi." Nestor alikuwa Kigobe, njia zimefungwa, na simu ya Mzee Salim ilikuwa imekufa tangu juzi. Patron, aliyelala upande ule ule wa kusini na hivyo hakuwa na kizuizi cha kuvuka, akaja na Peugeot yake, akaipaki mbali sana na sisi, akasema kazi iishe kabla mvua hazijarudi. Ladislas akasema hakuna shida. Tukaipandisha pampu kwenye barabara ya juu, nyuma ya nyumba, mita kumi juu ya matundu. Mpira sasa ulikuwa mfupi, unateremka vizuri kupitia ua.

Nilimwambia, "Mzee, na uzi?"

"Uzi uko na nini? Ukuta ni ule ule, sima ni ile ile. Kwenda uko kwenye tundu, we ni mutu wa mpira."

Nikaenda, kwa kuwa mtu wa mpira mahali pake ni kwenye tundu, na nikashika robineti ya kumwagia. Nyumba ilisimama kati yetu, Ladislas hakuuona ukuta na mimi sikumwona yeye. Nilisikia injini inapandishwa moto, kidogo, tena kidogo. Nilijua anautafuta uzi.

Ninyi mnaotaka kuujua ukuta unaoumwa, msitazame nyufa kwanza. Tazameni matundu ya kutolea maji kule chini. Ya kwetu yalikuwa yanadondosha maji kama kawaida, halafu yakatoa maziwa ya saruji, halafu yakakauka yote. Kisha viungo vya mawe vikaanza kutoka jasho. Katikati ya ukuta, kwenye kimo cha kifua changu, mawe yalianza kutoka nje polepole, kama tumbo kabisa. Nikafungua robineti, uji ukamwagika miguuni pangu na kuniunguza ngozi, lakini ule uliokwishaingia ulikuwa ndani, umelowesha udongo wote, unasukuma. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa risasi. Risasi unalala chini zinapita.

Nikashuka mbio hadi kwenye kibanda. Consolata alikuwa anapika maharage, watoto wako ndani.

"Toka, mama. Toka na watoto, ukuta unakuja."

Alinitazama kwa upole, kama unavyomtazama mgeni aliyekuja na habari za zamani. "Apana, kaka. Risasi zikianza, apa nyuma ya mawe ndo mutu anapona. Mi nimeshakimbia sana, sikimbie tena."

"Si risasi. Ni ukuta wenyewe."

"Ukuta ndo unatulinda," akasema, akakoroga maharage.

Alikuwa amechagua kwa akili. Katika mji mzima ule alikuwa ametafuta mawe manene kuliko yote akaweka watoto wake nyuma yake, na sisi tulikuwa tumeyageuza mawe yale kuwa hatari kubwa kuliko vita. Bahati ikamleta Evariste, anaingia na gunia lake la makaa. Aliutazama ukuta mara moja, akalitupa gunia, akabeba watoto wawili kwapani. Mimi nikabeba wa tatu, na Consolata akatufuata kwa ajili ya watoto, sufuria mkononi, akitutukana kwa Kirundi.

Ukuta ukaanguka. Mlio wake sijui niueleze vipi, na vumbi likafunika kila kitu hadi barabarani. Kibanda kikapotea chini ya mawe. Sisi tulikuwa upande wa pili wa njia, wote, pamoja na maharage.

Askari wa kizuizini walilala chini, wakapiga risasi angani, kisha wakapanda wakikimbia. Na hapo Patron wetu, aliyekuwa ametoka nyuma ya gari lake, akapata wazo. Ukuta ukiangushwa na bomu hakuna mkandarasi wa kuulizwa. Akamwendea sajenti, akanyoosha tai yake, akasema, "Ni obus, chef. Nimeisikia na masikio yangu."

Miaka ile kila mtu alikuwa bingwa wa mabomu. Watu walioshindwa kutofautisha mlango na dirisha waliweza kukuambia kwa mlio tu bomu limetoka kilima gani. Mara moja watumishi watatu wa jirani nao walikuwa wameisikia, mmoja ameiona ikipita. Mzee Salim, alipoulizwa, alisema, "Wallahi mi nilikuwa naswali," na huo ulikuwa ushahidi safi kuliko yote ya siku ile.

Lakini bomu lazima liwe na mtu wa kulipiga, au wa kuwaonyesha wapigaji mahali pa kulenga. Hilo Patron hakulifikiria. Sajenti alitazama huku na huku, akamwona mwanamume mgeni wa mtaa, ametoka milimani, mikono yake myeusi hadi kwenye viwiko.

"Nini iyo kwenye mikono?"

"Makaa, chef," Evariste akasema. "Mi nauza makaa."

"Makaa," sajenti akasema. Wakamkalisha chini, wakamfunga mikono kwa mshipi wake mwenyewe. Consolata aliweka sufuria chini. Alisimama tu, watoto wamemshika kitenge, na kila mtu pale alijua watu waliochukuliwa namna ile walipelekwa wapi, na kwamba hawakurudi.

Nikasema, "Chef, si obus. Ni pampu yetu."

"We ni nani?"

"Mutu wa mpira."

"Nyamaza, mutu wa mpira. Mwenye mashini ni nani?"

Ladislas alikuwa ameshuka. Kofia yake ilikuwa imejaa vumbi. Patron akamtazama, na mtazamo ule hata watoto waliuelewa. Sajenti akauliza, "We fundi, ni obus ao ni mashini?"

Nilimfahamu mtu yule. Nilijua orodha nzima ya visingizio vyake, nami nikaanza kuisubiri, nikijiuliza atashika sima au maji. Aliwatazama wale watoto.

"Ni mi," akasema. "Ni mi nimeangusha."

Sajenti akacheka. "We? Na mashini ya kusukuma uji? Ukuta kama ule?"

Na hapo, vijana, Ladislas akapiga hesabu. Aliokota kipande cha makaa kutoka kwenye gunia lililopasuka, akapiga magoti mbele ya jiwe kubwa lililoanguka, akaandika nane. "Iyi ni ya manometa. Jana pampu ilikuwa chini. Kupanda inakula nne, mpira unakula tatu." Akaandika, akatoa, ikabaki moja. "Leo nimeileta juu. Kushuka inaongeza mbili. Mpira ni mufupi, unakula moja." Akaandika nane tena, akajumlisha, akatoa. "Tisa, chef. Ukuta ulikuwa unabeba moja, mi nimeupa tisa. Injeniya aliniambia. Sikumusikiliza." Kisha akaingiza mkono katikati ya mawe, akautoa umejaa uji mbichi, wa kijivu, unadondoka, akauweka mbele ya uso wa sajenti. "Obus haina iyi."

Sidhani sajenti alielewa hesabu. Alielewa kwamba hakuna mtu anayejidhalilisha kiasi kile mbele ya mkubwa wake, majirani na wanawake, kama si kweli. Alimtemea Ladislas neno moja baya, akampiga kofi lililoirusha kofia, halafu akaamuru Evariste afunguliwe. Wale watumishi watatu waliosikia bomu walikumbuka kwamba wana kazi ndani.

Kesho yake njia zilifunguliwa na Nestor akaja. Alilikuta jiwe lile, akachuchumaa, akayasoma makaa kutoka juu hadi chini, akauliza ni nani aliyeandika. Hesabu ilikuwa sahihi.

Wakati huo Ladislas alikuwa ameshafukuzwa. Kuangusha ukuta Patron alikuwa tayari kumsamehe, kwani alikwishamtafutia na bomu. Alimfukuza kwa sababu alikiri, mbele ya jeshi, na kwa sauti. Katika miaka yote niliyofanya naye kazi, ile ndiyo hesabu pekee niliyomwona Ladislas akiipiga hadi mwisho, na ilimtoa Evariste kwenye mikono ya askari, ikamtoa yeye kazini.